Umri wa mnazi na chupa ya mafuta: mhadhara kuhusu mazao ya mafuta Zanzibar

Assalaam alaykum, na karibuni nyote. Nimeombwa nizungumzie mazao ya mafuta katika visiwa vyetu, na mwendo wake kwa miaka mingi. Ufuta na njugu zipo, ila kwa uchache. Kwetu habari hii ni ya mnazi, nami nitabaki hapo.

Tuanze na hesabu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huandika takwimu za Tanzania kwa jumla, kwa hiyo Unguja na Pemba humezwa na bara. Anayetaka kuvijua visiwa aulize mwenyewe: tumevuna nini, tumeuza nje nini, tumeingiza nini, na tuko wangapi wa kugawana kilichobaki. Wengi wetu huishia kwenye mavuno. Mimi naona swali kubwa zaidi haliulizwi kabisa: miti yetu ina umri gani?

Mnazi huu mrefu wa kwetu huanza kuzaa ukiwa na miaka sita au saba, na huzaa vizuri hadi hamsini, sitini. Nazi nyingi tunazokuna leo zilipandwa na mababu. Ndiyo maana ajali moja hukaa katika mavuno muda mrefu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja pamoja na minazi, Pemba ikanusurika. Aliyepanda upya mwaka ule alisubiri karibu muongo mzima kabla ya kumwita mkwezi.

Hata hivyo miti ilirudi, na zama za ukoloni mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, ikawa ya pili kwa karafuu katika bidhaa tulizouza nje. Mjini, vinu vya mafuta vilizungushwa na ngamia.

Katika miaka ya 1950 kulikuwa na utafiti ambao naupenda kuliko wote. Minazi ilikuwa ikipukutisha vidaka, yaani nazi changa kabisa, na mtafiti Michael Way akamchunguza hapa hapa Zanzibar mdudu mfyonzaji, ambaye leo kwa jina la kisayansi huitwa Pseudotheraptus wayi. Okota kidaka kilichodungwa, utaona makovu na utomvu uliogandia ganda. Adui wa mdudu huyo ni maji moto, yule chungu mwekundu anayeshona majani kuwa kiota na ambaye wakwezi humlaani. Penye maji moto wengi, nazi hushika. Tatizo ni kwamba kuna chungu wengine wadogo wa ardhini, wenye vichwa vikubwa, ambao huwafukuza maji moto. Minazi iliyochanganywa na michungwa huwapa maji moto pa kukaa. Shamba la minazi mitupu huwanyima. Kwa hiyo mkwezi anapong'atwa, mwenye shamba ana sababu ya kushukuru.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yaligawiwa wananchi ekari tatu tatu. Haki ilitendeka, lakini kazi ya kung'oa mizee na kupanda michanga ikawa juu ya kila kaya, na kaya yenye njaa hukata kwa shingo upande mnazi ambao bado unazaa.

Nayo midomo ikaongezeka. Sensa ya 1967 ilihesabu watu kama 354,000. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773, zaidi ya mara tano. Hata kama mavuno yangebaki vile vile, nazi za kuuza nje zingeishia kwenye tui. Na nyingine hazifiki hata kuwa nazi. Dafu linaloteremshwa kwa ajili ya mgeni ufukweni halitakuwa koroma, wala nazi, wala mbata. Lina bei, sikatai, ila kwenye hesabu ya mafuta ni sifuri. Minazi yenyewe huenda mbao, na magogo yake huchomea mawe ya chokaa kwenye matanuu.

Kilo moja ya mbata hutaka nazi tano au sita, na mafuta yake ni kama asilimia 60 hadi 65. Piga hesabu: lita moja ya mafuta ni nazi nane hadi kumi. Hakuna mama wa nyumbani atakayekamua nazi kumi wakati mafuta ya mawese yako dukani. Mawese hayo yanatoka Malaysia na Indonesia. Indonesia, mjue, ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu kwa sigara zake, mpaka ikapanda zake yenyewe.

Ninachopendekeza ni sensa ya minazi: shehia kwa shehia, mti kwa mti, michanga, inayozaa na mizee. Idadi ya nazi ya mwaka huu hutuambia mvua zilinyesha vipi mwaka juzi na mwaka jana. Idadi ya michanga hutuambia tutakula nini baada ya miaka kumi.

Ninajua swali la alizeti ya Singida linakuja, kwa nini tusinunue huko badala ya mbali. Nalipokea, aliyenyoosha mkono kule nyuma aanze.