Kipeperushi Mlangoni mwa Mahakama

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, nashukuru kwa nafasi.

Julai 2015, katika uwanja ulio mbele ya jengo la mahakama la Lindsey-Flanigan mjini Denver, jimbo la Colorado, Marekani, wanaharakati wawili walikuwa wakigawa vipeperushi. Mmoja aliweka na kibanda kidogo chenye maandishi kwamba hapa zinapatikana habari kwa wanajopo. Mtu akipita wanamuuliza: umeitwa kwa kazi ya jopo? Akisema ndiyo, anapewa karatasi. Karatasi inamweleza kuwa mwanajopo anaweza kumwachia mshtakiwa hata kama ushahidi umemlemea, iwapo dhamiri yake inamwambia kuwa sheria yenyewe ni ya dhuluma. Wakakamatwa na kufunguliwa mashtaka 7 ya kuingilia wanajopo.

Kwa wale ambao hawakusoma sheria: Tanzania tunawajua wazee wa baraza. Wanasikiliza kesi, wanatoa maoni, na jaji hafungwi na maoni hayo. Kenya waliwaondoa 2007. Jopo la Marekani au Uingereza ni kitu kingine kabisa. Ni raia wa kawaida, mara nyingi 12, na wao ndio wanaosema ana hatia au hana. Hawatoi sababu. Wakisema hana, upande wa mashtaka hauna pa kukata rufaa juu ya uamuzi huo. Wala hawawezi kuadhibiwa kwa walichoamua.

Hilo la mwisho watu walilipata kwa njaa. London, 1670, William Penn na William Mead walishtakiwa baada ya kuhubiri barabarani, Gracechurch Street, kwa kuwa nyumba yao ya ibada ilikuwa imefungwa na askari. Jopo likarudi na jibu la ajabu: Penn ana hatia ya kusema pale Gracechurch Street. Basi, kusema tu. Mahakama ikawaka. Wanajopo wakafungiwa usiku kucha bila chakula, bila maji, bila moto, hata chombo cha kujisaidia wakanyimwa, ili wabadilishe. Mwishowe wakabadilisha kweli: hawana hatia, wote wawili! Wakatozwa faini. Edward Bushel na wenzake wachache wakagoma kulipa, wakatupwa gerezani, na Jaji Mkuu John Vaughan ndiye aliyewatoa, akisema mwanajopo haadhibiwi kwa uamuzi wake. Leo ndani ya Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, kuna kibao cha kuwaenzi watu hao.

Kwa hiyo uwezo upo. Ila Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 1895, katika kesi ya Sparf, kwamba jaji halazimiki kuwaambia wanajopo kuwa wanao. Tangu hapo mwanajopo anaelezwa kinyume chake: fuata sheria kama nilivyokusomea. Ndiyo maana kipeperushi kinaonekana hatari. Kinasema hadharani jambo ambalo kila mwanasheria mle ndani analijua na hakuna anayeruhusiwa kulitamka.

Sasa msinielewe kuwa naushabikia uwezo huu. Majopo ya kaskazini mwa Marekani yaliyokataa kuwatia hatiani waliowasaidia watumwa kutoroka baada ya sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, hayo tunayasimulia kwa fahari. Lakini mwaka 1955, huko Sumner, Mississippi, jopo la wanaume weupe watupu liliwaachia wauaji wa Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14, baada ya kujadiliana kama saa moja hivi. Mwaka uliofuata wauaji wenyewe wakakiri kwenye gazeti, wakijua hawawezi kushtakiwa tena. Dhamiri ya jopo ni dhamiri ya mtaa wake, na mitaa mingine imeoza.

Naweza kuuogopa uwezo huo na bado nikamtetea anayegawa karatasi. Hayo ni mambo mawili, na waendesha mashtaka wanapenda kuyachanganya. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mama aliyesimama kwenye njia ya waenda kwa miguu nje ya jengo la mahakama hiyohiyo, ameshika bango lenye maneno ya katiba yao yanayolinda uhuru wa kusema. Sheria ilikuwa inakataza! Majaji wakasema njia ile ni ya umma kama njia nyingine zote. Lakini 1965 walikuwa wameshakubali kuwa dola inaweza kuzuia maandamano ya kuishinikiza mahakama. Mstari upo kati ya hayo mawili.

Mahakama ya Colorado iliuchora vizuri 2019: kosa ni kujaribu kumshawishi mwanajopo kuhusu kesi fulani mahususi. Mashtaka ya Denver yakafa. New York, 2012, Jaji Kimba Wood alikuwa tayari amemwachia profesa mstaafu wa kemia aliyegawa karatasi kama hizo, kwa hoja ya namna hiyo. Michigan walikwenda kombo zaidi: mtu aliyegawa vipeperushi alikamatwa Big Rapids, dhamana ikawekwa dola 150,000, akatiwa hatiani 2017, hadi mahakama ya juu ya jimbo ilipoifuta hukumu 2020. Siku ile ya vipeperushi hakuna jopo lolote lililokuwa limeteuliwa.

Hizo ni kesi rahisi. Ngumu ni ya London, Machi 2023. Mama mmoja mstaafu alisimama nje ya Inner London Crown Court na bango la kuwakumbusha wanajopo haki yao ya kuachia kwa dhamiri, wakati ndani wanaharakati wa tabianchi wanashtakiwa na jaji amewazuia kuitaja tabianchi. Hakutaja kesi, hakumsemesha mtu. Lakini nani hakujua anaisema ipi? Hapa uamuzi wa Colorado hautusaidii sana. Jaji Saini wa Mahakama Kuu alikataa Aprili 2024 ashtakiwe kwa kudharau mahakama, na mimi nakubaliana naye, kwa sababu bango lilisema kile kile kilichomo kwenye kibao cha Old Bailey, na huwezi kuwaenzi watu ukutani halafu ukamfunga anayewanukuu barabarani. Ila nakiri, kama kungekuwa na bango la pili, lenye jina la mshtakiwa, mwenye nalo nisingemtetea. Serikali ilikata rufaa, kisha Agosti ikaachana nayo, hivyo mahakama ya juu zaidi haikupata nafasi ya kutuambia bango la tatu, la katikati, lingekuwa upande gani.

Karibuni maswali.