Nani Alidanganywa kwa Shanga?

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na mada pana, shanga katika utamaduni wetu. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea. Nimechoshwa na ile sentensi tuliyokaririshwa darasani, kwamba babu zetu walitoa pembe za ndovu wakapewa shanga, yaani walirubuniwa kama watoto. Naikuta mpaka leo kwenye mitihani ninayosahihisha.

Twendeni Ujiji, mwaka 1874. Mwingereza mmoja, Cameron, anafika sokoni. Shanga inayotumika pale kama fedha ni sofi, kijipande kama cha mrija wa kiko uliovunjika. Wala haina urembo wa kutisha. Soko linapofunguliwa, wapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi. Unawapa shanga ulizokuja nazo, wanakupa sofi, unaingia kununua. Soko likifungwa, wauzaji wanazirudisha sofi kwa watu wale wale na kuondoka na shanga nyingine. Mwenye mfuko amekula faida kwenda na kurudi. Nyinyi mnaobadilisha dola Kariakoo mnaiitaje kazi hiyo? Mtu aliyerubuniwa anafungua duka la kubadilisha fedha?

Umasaini mambo yalikuwa magumu zaidi. Joseph Thomson, Mskoti, alitoka Mombasa mwaka 1883 na shehena yake ya shanga akidhani amejiandaa. Alipofika Taveta akaambiwa Wamasai hawapokei uzi wa urefu wowote tu, una kipimo chake, na wa kwake si huo. Basi msafara ukasimama. Wapagazi, wanaume waliozoea kubeba mizigo ya kuvunja shingo, wakakaa chini kufumua na kutunga upya, maelfu ya nyuzi, ushanga mmoja mmoja, kabla ya bwana mkubwa kuthubutu kusonga mbele. Naomba mniambie hapo nani anamwamrisha nani.

Na si yeye peke yake. Stanley, akijiandaa kwa safari ya bara, alinunua magunia 22 ya shanga Unguja mwaka 1871, na kuchagua tu kulimtoa jasho. Nyeusi inakubalika Ugogo, ukishavuka Ugogo ni takataka. Sungomaji, zile kubwa kama yai la njiwa, zinatakiwa Ujiji, kwingine unarudishiwa. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita kabla yake, alitaja aina zipatazo 400. Ukikosea kuchagua, watu wako wanalala njaa katikati ya nchi yenye chakula. Samsam, ile nyekundu, ilikuwa na jina la utani la kwamba inavunja miji, kwa jinsi wanawake walivyoililia. Kioo cha shanga hizo kiliyeyushwa Venice, lakini rangi ipi itembee na ipi ioze ghalani iliamuliwa Tabora.

Najua kuna mkono utanyanyuka: lakini si Mzungu ndiye aliyenufaika? Alinufaika sana. Na mfanyabiashara wa Unguja akanufaika, na watemi wetu pia, tusijifanye. Shanga hizo hizo zilinunua watu, tena sokoni pale pale Ujiji. Hilo silifuniki. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba aliyenyonywa ni lazima alikuwa mjinga. Mkulima wa pamba leo ananyonywa kwenye bei na anaijua bei kuliko mimi na wewe.

Haya, naona muda unanikimbia. Nilitaka mvione vile vigae vya Kilwa vyenye mifereji, walivyosugulia shanga za kombe, yaani za magamba ya baharini, karne nyingi kabla ya hao akina Burton. Sitaviwahi.

Kwa haraka: nyingi ya shanga anazotungia mama wa Kimasai leo zimetoka Jamhuri ya Czech. Kuna watu wakisikia hivyo wanafurahi kabisa, eti "kumbe si utamaduni wao!" Na chai uliyokunywa asubuhi, asili yake ni wapi? Mcheki hajui bluu ikae karibu na rangi ipi ili ukosi usomeke. Mama yule anajua, na binti yake akikosea anafumuliwa kazi yote aanze upya.

Shanga za kiunoni, ambazo nadhani ndizo zilizowaleta nusu yenu humu, mwenyekiti anagonga saa. Hayo waulizeni makungwi, wanayajua kuliko mimi. Maswali?