Besi Saba na Miguu Inayonyata

Ndugu zangu wanakwaya, leo nimekuja kuitetea sauti ya nne, yaani besi. Kwaya zetu nyingi humpa besi kazi ya kuziba pengo. Nendeni Afrika Kusini mkaone besi akibeba nyumba nzima.

Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Solomon Linda na wenzake wa Evening Birds walirekodi "Mbube", maana yake simba. Linda alipaa juu kwa sauti nyembamba, na chini yake akapanga mabesi kadhaa, si mmoja. Hapo ndipo uimbaji ule ulipopata mgongo. Wimbo ukazunguka dunia; haki zake Linda alizisaini kwa shilingi 10 za wakati ule, akafa maskini mwaka 1962. Jambo hili huniuma kila ninapolitaja.

Walioimba hivyo walikuwa wanaume wa Kizulu waliotoka vijijini kwenda migodini na viwandani, wakilala katika mabweni ya wafanyakazi, mbali na wake zao. Jumamosi usiku walishindana mpaka kunakucha, suti zimepigwa pasi, viatu vinang'aa. Mtindo wenyewe huitwa isicathamiya, kutoka kitenzi cathama, yaani kunyata. Joseph Shabalala alieleza kwamba walicheza kwa ncha za vidole ili wasiwashtue walinzi wa kambi.

Huyo Shabalala ndiye aliyeanzisha kundi la Ladysmith Black Mambazo. Ladysmith ni mji wa kwao. Black, yaani weusi, ni wa maksai, wenye nguvu kuliko wote shambani. Mambazo ni shoka, la kuwakata washindani. Jina la vita kabisa! Lakini mwaka 1964 alianza kusikia ndotoni waimbaji wakipatanisha sauti kwa namna asiyoijua, akawafundisha wenzake upya, kwa upole. Tenori mmoja, alto mmoja, mabesi saba, na yeye akiongoza. Watu saba chini, na bado unasikia pumzi ya kiongozi! Hawapigi kelele, wanasikilizana. Kwa sauti hiyo walikwenda Oslo na Mandela mwaka 1993 alipopokea Tuzo ya Nobel, na tuzo za muziki za Grammy wamezichukua tano. Shabalala alifariki Februari 2020.

Basi, nawaomba wanaume saba wa sauti ya nne mje hapa mbele. Vueni viatu. Shikeni noti moja, midomo imefungwa, chini kabisa, mpaka kila mmoja amsikie jirani yake kuliko anavyojisikia mwenyewe. Kisha mguu wa kulia, polepole.