Kete za Mkononi: Studio Ndogo ya Gemu Hukuaje?

Mhadhara uliotolewa katika Ngome ya Lamu, usiku, baada ya sala ya Isha

Asalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa Mkomani na Langoni mliokaa karibu na mlango ili mpate njia ya kutoroka, masalkheri.

Nimeombwa nizungumzie studio ndogo za kutengeneza michezo ya video, zile zisizokuwa na tajiri nyuma yake, na namna zinavyokua. Aliyenialika alinisihi nitumie mfano wa jahazi. Nimekataa. Katika mui wa Amu kila anayepewa kipaza sauti lazima ashue jahazi, na nyinyi mmeshachoka. [Kicheko.] Mimi nimekuja na bao.

Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji na zake 32. Lakini namua, hatua ya kwanza ya mchezo, ikianza, kete unazozitega ubaoni ni 10 tu: 6 kwenye nyumba, lile shimo kuu, na mbilimbili katika mashimo mawili. Zile 22 unabaki nazo mkononi, unaziingiza mojamoja. Asiyejua huona bao ni zile kete zilizo machoni pake. Mjuzi anahesabu zilizobaki mkononi, maana anajua zikiisha mchezo unageuka, mnaingia mtaji, hatua ya pili, na huko hakuna nyongeza.

Studio ni hivyo hivyo. Watu, meza, kompyuta, kibao cha jina mlangoni, hizo ni kete za ubaoni. Kete za mkononi ni miezi: miezi mingapi mtakula hata kama hakuna anayenunua kitu? Nimewaona wengi wakisifiwa kwa kete za ubaoni siku ileile za mkononi zilipokwisha. Mmoja wao ni mimi.

Tulianza watu watatu, Mombasa, chumba kimoja. Mimi naandika programu, mwenzangu anachora, wa tatu anatengeneza sauti na kutukoroga chai. Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa wa simu: punda amebeba matumbawe katika vichochoro vya mji kama huu, akikutana na punda mwenzake lazima mmoja arudi kinyumenyume. Mnacheka kwa sababu mnajua. Watu waliupenda, na shirika moja likatupa ufadhili. Sitalitaja, walikuwa watu wema, ila walikuwa na fomu. Fomu iliuliza: mmeajiri vijana wangapi? Haikuuliza: mmebakiwa na miezi mingapi?

Basi tukaajiri. Nitawapa hesabu kwa tarakimu nyepesi, ili mwanafunzi yeyote aliye hapa aweze kuifanya kichwani. Tuseme mtu mmoja, pamoja na stima, intaneti na sehemu yake ya kodi ya chumba, anagharimu shilingi 60,000 kwa mwezi. Watatu ni 180,000. Ukiwa na 1,440,000 benki, mna miezi 8. Ongeza wanne, mmekuwa saba: 420,000 kwa mwezi. Fedha ileile sasa ni miezi mitatu na siku kidogo. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyezembea. Miezi 4 na zaidi imetoka mkononi siku ya kutia sahihi mikataba, nasi siku hiyo tulipiga picha tukitabasamu.

Na msidhani saba walifanya kazi mara mbili ya watatu. Mchoraji wetu aliacha kuchora, akawa anawaonyesha wachoraji wawili wapya namna ya kuchora kama yeye. Mimi asubuhi nzima nilikuwa nasoma msimbo wa wengine na kuuliza kwa nini punda anapita ukutani. Mwezi wa nne tuliwaita wale wanne, tukawaambia ukweli. Mmoja wao alikuwa amehama kutoka kwao kwa ajili yetu. Hadi leo nikikutana naye ninatangulia mimi kusalimu.

Kwingine imekuwaje? Amir Rao na Gavin Simon waliacha kazi katika kampuni kubwa ya michezo huko Marekani mwaka 2009 wakaanzisha Supergiant Games. Ofisi ilikuwa nyumba ya babake Rao, San Jose. Watu saba walitoa Bastion mwaka 2011, ukauza vizuri sana. Mtu wa fomu angesema: sasa ajirini mia. Hawakuajiri. Walitoa Transistor mwaka 2014, Pyre mwaka 2017, na Hades uliokamilika mwaka 2020, ambao mwaka uliofuata ulipewa tuzo ya Hugo. Muda wote huo walibaki kundi dogo, hata walipofika Hades hawakuzidi watu ishirini na kitu. Fedha ya mchezo mmoja waliigeuza miezi ya kufikiri mchezo mwingine.

Isije ikaonekana nasema kuongeza watu ni haramu. Kuna Larian ya Ubelgiji, ya Swen Vincke, iliyoanza mwaka 1996. Miaka mingi ilitegemea wachapishaji, yaani kampuni zinazogharimia na kuuza michezo ya wengine, na kazi za kuagizwa. Mwaka 2013 ilikwenda kwa wachezaji wenyewe kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ikachangiwa karibu dola 945,000 kwa ajili ya Divinity: Original Sin. Mchezo ukatoka 2014, ukalipa. Ule ukalea wa pili, wa pili ukalea Baldur's Gate 3, waliouuza ungali jikoni, haujakamilika, tangu 2020 hadi ulipokamilika Agosti 2023. Wakati huo walikuwa watu zaidi ya 400 katika nchi kadhaa. Lakini hesabuni: kutoka 1996 hadi huo mchango wa 2013 ni miaka 17.

Mfano ulio karibu na mifupa yetu ni wa Yaoundé, Kamerun. Olivier Madiba alikuwa na wazo la mchezo wa Aurion tangu mwaka 2003, akiwa mwanafunzi. Studio yenyewe, Kiro'o Games, ilifunguliwa miaka 10 baadaye. Benki hazikuelewa ni biashara gani hii, kwa hiyo aliuza hisa kwa watu wa kawaida, mmoja mmoja. Stima ilikuwa ikikatika, kama mnavyoijua stima. Mwaka 2015 wakachangisha euro zipatazo 49,000 kwenye Kickstarter, na Aprili 2016 mchezo ukatoka, hadithi ya Kiafrika, mfalme na malkia wake wakipigana bega kwa bega. Baadaye waligeukia michezo ya simu. Kuna waliosema wamerudi nyuma. Mimi naona walitazama mkono wao, wakaona kete zilizobaki zinatosha nini. Hata sisi Kenya tuna wakubwa zetu: Wesley Kirinya alitengeneza mchezo wa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ya Leti Arts.

Sasa, vijana mnaipenda hadithi ya Eric Barone, aliyetengeneza Stardew Valley peke yake zaidi ya miaka 4, ukatoka Februari 2016 na kuuza mamilioni. Nzuri. Lakini msiisome nusu. Alikuwa akifanya kibarua jioni cha kuwaonyesha watu viti katika ukumbi wa maonyesho, na mwenzi wake alikuwa na kipato. Hizo ndizo kete zake. Kijana anayeacha kazi bila kibarua wala mwenzi, akisema "hata Barone aliweza", huyo amemsikia Barone nusu.

Tuje sokoni, haraka, maana naona saa. Kusajili mchezo mmoja Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ni dola 100. Kujisajili Google Play ni dola 25, mara moja tu. Mlango si ghali, ndiyo maana umejaa: mwaka 2024 Steam peke yake iliingiza michezo zaidi ya 18,000. Ukiuza kwa dola 10, Steam inachukua 3. Kwa mauzo ya Marekani, serikali yao nayo inakata kodi asilimia 30 ya fungu lako, kwa kuwa sisi na wao hatuna mkataba wa kodi. Ukiwa na mchapishaji, naye ana sahani yake. Na mnunuzi anaweza kurudisha mchezo ndani ya siku 14 ikiwa amecheza chini ya saa 2. Mchezo wako ukiwa wa saa moja na nusu, mtu anaweza kuumaliza, akafurahi, akarudishiwa pesa. [Kicheko.] Hiyo si hadithi ya kubuni, watengenezaji wadogo wameililia sana.

Nasi tulitokaje? Katika bao, usipokuwa na pa kula, unatakata. Hukusanyi kitu, unasogeza tu ili uendelee kuwa hai. Sisi tulitakata mwaka mzima: vimichezo vya matangazo, programu za kufundishia hesabu, hata tovuti ya duka la mazulia. Jioni tukarudi kwa punda. Hatukuandika upya. Vichochoro vilevile, msimbo uleule wa nani ampishe nani, punda wakawa mikokoteni ya soko la Kongowea. Mchezo wa kwanza ulituchukua miezi 19. Wa pili, 7. Watu walewale watatu. Kama mnataka kujua studio imekua, tazameni hapo.

Maswali. Naam, dada yangu.

[Msichana mmoja aliuliza kama lazima aende Nairobi ili aanze.]

Kodi ya chumba hapa ni nafuu kuliko Nairobi, kwa hiyo kwa fedha ileile una miezi zaidi. Injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea michezo, ni ya bure, na hakuna atakayekuamkia na ada mpya, kama wenye injini ya Unity walivyotangaza Septemba 2023 kisha wakafuta mwaka mmoja baadaye. Utakachokosa ni watu wa kukukosoa. Basi chukua simu ya bei ya chini, si yako nzuri hiyo, nenda kibanda cha gemu, mpe mtoto acheze. Ukae kimya. Usimwambie "bonyeza hapa". Akikwama, andika. Akiirudisha simu mwenyewe bila kuombwa, andika pia, hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mzee wangu, karibu.

[Mzee aliyekaa mstari wa mbele aliuliza: "Na bao, umelitia kwenye simu?"]

Bado, mzee. Hesabu yangu inasema bao litataka miezi 6. Mkononi nina 4.

["Basi kesho baada ya alasiri uje barazani," mzee alisema. "Nyumba umeitaja, lakini hukusema inalindwaje. Nina shaka kama unaijua."]

[Kicheko kirefu.]

Nitakuja, mzee.