Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kuwakutanisha Wageni na Wenyeji kwa Mazungumzo

Ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuja. Sogeeni mbele kidogo, viti vya mbele haviumi mtu.

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilipowakutanisha wasafiri na wenyeji, nilipanga viti 20 katika duara moja kubwa, nikaomba kila mtu ajitambulishe kwa dakika 2. Pigeni hesabu. Dakika 40 zilikwisha na hakuna aliyekuwa amezungumza na mwenzake. Kisha wageni wakaanza kuuliza na wenyeji kujibu: harusi zenu zikoje, watoto mnawaleaje, mnaamini nini. Mama mmoja aliniambia mlangoni, wakati anaondoka, kwamba amejiona kama shahidi aliyeitwa mahakamani.

Lugha yetu ilikwisha kunionya, sikusikia. Neno mwenyeji lina kazi mbili: ni mtu wa mahali pale, na ni yule anayekukaribisha. Ukimwita mtu kikaoni kwa jina hilo, hata kama ukumbi umeutafuta wewe na viti umebeba wewe, yeye ataingia akiwa na jukumu la kuhudumia. Atatabasamu, atasifu kwao, atajibu kila kitu, na swali lake mwenyewe ataondoka nalo. Mgeni naye, kuku mweupe kama wasemavyo, anajua anatazamwa, kwa hiyo anauliza yale tu ambayo msafiri mwema anatarajiwa kuuliza. Hapo hamna mazungumzo. Ni mahojiano yenye adabu.

Dawa tunayo tangu zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hutumia methali hii kumfukuza mgeni kwa upole. Mimi naisoma tofauti. Aliyeshika jembe ameacha kutazamwa. Ana jasho kama wewe, na anaweza kukuuliza kwa nini mstari wako umepinda.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza ni lini kukutana kwa watu wa makundi tofauti kunapunguza chuki baina yao. Alitaja masharti manne: wawe na hadhi sawa hapo walipo, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka au desturi za mahali pale ziunge mkono. Angalieni kwamba kukaa pamoja na kutabasamu hakumo.

Basi sasa kikao changu kina jembe lake. Kila mtu anakuja na tatizo dogo analotaka kusaidiwa: barua ngumu ya kuandika, mtoto asiyetaka kulala, kifaa asichoelewa, ndugu waliyekosana naye. Mgeni akimshauri mwenyeji kuhusu mtoto asiyelala, na mwenyeji akambishia, nchi zao zinatajwa zenyewe bila mtu kuziulizia. Mandhari, nguo na sherehe huja baadaye, zikija.

Wazo la kumtoa msafiri kwenye utazamaji si geni. Servas, mtandao wa watu wanaowakaribisha wasafiri majumbani mwao, ulioanzia Denmark mwaka 1949, vita vikuu vikiwa vimeisha juzi tu, ulijengwa juu ya imani kwamba watu wakilala nyumba moja na kuongea, amani inapata mizizi. Jina lenyewe ni la Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa waelewane, maana yake kuhudumia. Desturi yao ni mgeni kukaa siku mbili. Nilicheka nilipolijua hilo. Jembe wameliacha mlangoni.

Sasa idadi, maana hapa ndipo waandaaji wengi wanaanguka. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, na wenzake walichunguza watu wanavyojigawa wanapoongea kwa hiari, wakaona kikundi cha mazungumzo kinafikia kikomo kwenye watu wanne hivi. Akiingia wa tano, ama kinapasuka, ama mmoja anahutubia na wengine wanasikiliza. Kwa hiyo vunjeni duara. Wanne wanne, nusu wageni na nusu wenyeji, na baada ya nusu saa wabadilishane. Usiwaache marafiki waliokuja pamoja wakae pamoja. Watakununia kidogo, vumilia.

Halafu kuna kimya. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009, ulioongozwa na Tanya Stivers, ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu mwanya wa kawaida ni takriban moja ya tano ya sekunde. Kwa Kijapani karibu haupo. Kwa Kideni, lugha ya Denmark, unakaribia nusu sekunde. Tofauti ni ndogo mno kwa saa ya ukutani, lakini sikio linaisikia: huyu ananikatiza, yule hanipendi. Na anayesema lugha ya pili huhitaji muda zaidi, kwa sababu anatafuta neno. Asilimia kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kuinua kiganja taratibu kumzuia mwenye ulimi mwepesi, mpaka yule wa pili amalize kutafuta.

Mkalimani msimsahau. Mtu anayetafsiri saa nzima hasemi lake hata moja, na mara nyingi ndiye mwenye mengi ya kusema kuliko wote. Mpokeeni zamu kila baada ya muda, naye apate kusema.

Mengine haraka haraka. Picha ni mwisho wa kikao na kwa ruhusa ya kila mmoja. Anayekuja kuuza safari au kutafuta mchumba, mwambieni mapema, faraghani, kwamba mahali pake si hapa. Siasa na dini hazikatazwi, ila zisifunguliwe na msimamizi. Na fungeni kikao wakati sauti bado ziko juu. Wanaotaka kuendelea wataendelea nje, bila wewe, na huko mlangoni ndiko nimeona namba za simu zikibadilishwa.

Naona mikono imeinuka. Tuanze na dada wa safu ya nyuma, halafu mzee pale dirishani.