Jua Kali, Maji Baridi: Tulijue Ziwa Kabla ya Kujitosa

IDRISA: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Idrisa, na dada Salama yuko nami kama kawaida. Leo tunazungumzia joto la maji ya ziwa, na lini ni salama kuogelea.

SALAMA: Ahsante kaka Idrisa. Naomba nianze na kosa ambalo hata waogeleaji hodari hulifanya. Mtu anaamka, jua linawaka, upepo umetulia, anasema leo maji matamu haya! Amepima maji kwa mgongo wake ulio juani. Miguu hata haijalowa.

IDRISA: Lakini jua likiwaka siku kadhaa, si maji nayo hupata joto?

SALAMA: Hupata, ila polepole mno. Kilo moja ya maji inahitaji nishati kama mara nne ya kilo moja ya hewa ili ipande nyuzi moja. Ndiyo maana kule kaskazini mwa dunia jua huwa juu kabisa mwezi Juni, lakini maziwa makubwa hufikia kilele cha joto Agosti, mengine hata Septemba. Chukua Ziwa Superior, mpakani mwa Marekani na Kanada. Mwezi Mei unaweza kusimama ufukweni na kaptura, hewa nyuzi 20 na zaidi, na maji mbele yako yako karibu nyuzi 4.

IDRISA: Nyuzi 4? Hayo ni maji ya ndani ya friji.

SALAMA: Kabisa. Na hiyo nyuzi 4 ina siri yake. Maji yasiyo na chumvi huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4. Kwa hiyo kiangazi, maji ya joto, ambayo ni mepesi, hukaa juu, na ya baridi hulala chini. Katikati kuna ukanda mwembamba ambapo joto linaporomoka ghafla, wataalamu wanauita themoklaini. Majira ya baridi yakikaribia, tabaka la juu linapoa, linakuwa zito, linazama, na upepo unalikoroga ziwa juu hadi chini.

IDRISA: Huo ukanda nimekutana nao, dada. Nilipiga mbizi siku moja ya joto, pengine mita tano tu. Mikono ilitangulia, nikahisi kama nimeitumbukiza kwenye ndoo ya barafu, na magoti bado yako kwenye uvuguvugu. Kifua kikabana. Nikajikuta nataka kuvuta pumzi nikiwa chini ya maji.

SALAMA: Pole sana, na nashukuru umelisema, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotea. Wengi hudhani baridi ya maji huua kwa kumgandisha mtu taratibu. Mara nyingi anaangamia mapema zaidi, dakika ya kwanza. Ngozi ikipoa ghafla, mwili unavuta pumzi kubwa bila ruhusa yako, kisha unahema mbiombio, na moyo unakwenda kasi. Ikiwa kichwa kiko chini ya maji wakati huo, unavuta maji. Huo ndio mshtuko wa baridi, na maji yakiwa chini ya nyuzi 15 unakuwa mkali hasa. Uhodari wa kuogelea hauuzuii.

IDRISA: Sasa ukijikuta humo bila kutarajia?

SALAMA: Usiogelee. Najua inasikika kinyume, maana akili inakuambia kimbilia nchi kavu. Lala chali, masikio ndani ya maji, mdomo juu, tandaza mikono, subiri pumzi irudi. Mtafiti Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ana kanuni yake ya moja, kumi, moja, kwa maji ya baridi kali. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na takriban saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa mwili kupoa. Lakini hiyo saa moja unaipata tu kama kuna kitu kinachokuweka juu. Bila jaketi la kujiokoa, mikono ikikataa kazi, umezama.

IDRISA: Kwa hiyo tupime. Mimi nafunga kipimajoto kwenye kamba yenye jiwe, nakishusha pale pale nitakapoogelea.

SALAMA: Vizuri sana, na kiache chini dakika kadhaa, kisha kivute haraka. Pima karibu na uso wa maji, pima tena mita mbili chini. Na usitegemee kipimo cha jana. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, unayasukuma maji ya juu mbali, na ya chini yanapanda kujaza nafasi. Ufukwe uliokuwa mzuri jana unaweza kupoteza nyuzi 10 bila wingu hata moja.

IDRISA: Na maziwa ya karibu na ikweta?

SALAMA: Huko hesabu ni nyingine. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini maji ya chini kabisa yako kama nyuzi 23, juu labda 25 hadi 28. Pepo za kusini-mashariki za kiangazi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya chini hupanda upande wa kusini. Mshtuko wa baridi si tatizo kubwa huko. Mawimbi, radi na kichocho ndivyo vya kuogopa. Konokono wa kichocho hupenda maji ya pembeni yaliyotulia, yenye majani, na vimelea wao hutoka zaidi mchana jua likiwa kali.

IDRISA: Yaani saa ile ile watu wanayoipenda.

SALAMA: Ndiyo hiyo. Na maji yakipata joto sana popote pale, bakteria wa rangi ya kijani huweza kutanda juu kama rangi iliyomwagika. Wengine wana sumu. Ukiona utando huo usiingie, na mbwa asinywe. Hata kwenye mashindano ya kuogelea maji ya wazi kuna mipaka ya pande zote, nyuzi 16 chini, 31 juu.

IDRISA: Tumalizie na kutoka majini. Mimi nikitoka naona kama ndiyo baridi inaanza.

SALAMA: Hujakosea. Damu iliyopoa kwenye ngozi na viungo inarudi ndani, mwili unaendelea kupoa hata dakika 20 au 30 baada ya kutoka. Usikimbilie kuoga maji ya moto, unaweza kuanguka. Kabla hujaingia ziwani panga nguo zako, ya kuvaa kwanza iwe juu kabisa, na ziwe bila vifungo. Vidole vikishakufa ganzi, kifungo kimoja cha shati kinakushinda.