Taa za AUTO hazioni ukungu

Ndugu zangu madereva, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Itazameni swichi ya taa pembeni mwa usukani. Katika magari mengi tunayoagiza Japani, ukiizungusha utakuta pameandikwa AUTO. Wengi tukishaiweka hapo hatuigusi tena, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kuna kidude cheusi cha mviringo, kidogo kama kifungo cha koti. Magari mengine kimejificha nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Hiyo ndiyo sensa, na kazi yake ni kupima mwanga wa nje. Mwanga ukipungua, kompyuta ya gari inawasha taa. Japani imeweka sharti hilo kisheria kwa aina mpya za magari ya abiria tangu Aprili 2020: mwanga ukishuka chini ya laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), taa ziwake ndani ya sekunde 2. Kuzima hakuna haraka, maana taa zingewaka na kuzimika kila ukipita chini ya mti.

Sasa njooni Limuru, mpande kuelekea Kimende asubuhi ya baridi. Ukungu umetanda, gari la mbele hulioni, lakini ukungu wenyewe ni mweupe, unang'aa. Sensa inaona kumekucha, inaziacha taa zimezimika. Mvua kubwa ya mchana ni vivyo hivyo, na vumbi la malori pia.

Linaloniumiza zaidi ni vile vitaa vya mchana vya mbele, vinavyowaka vyenyewe gari likiwashwa. Dereva anaona mwanga mbele, dashibodi nayo inawaka, anaamini yuko salama. Kumbe kwa magari mengi taa za nyuma hazijawaka kabisa, na nyuma ndiko basi linakokuja kwa kasi! Nawasihi, ukungu ukishuka, zungusha swichi mwenyewe hadi taa kubwa za kawaida. Taa za mbali usiziwashe humo. Mwanga utakurudia machoni.

Jioni mjini, au ukiingia handakini, AUTO inatosha.

Na nyie mnaotandika kapeti juu ya dashibodi: mkiifunika sensa, gari linadhani ni usiku, taa zinawaka mchana kutwa. Kateni tundu mahali hapo.